Watu wazima walio nyuma ya kijana wa rodeo

Ninaishi Fort Morgan, mji mdogo wa nyanda za mashariki ya Colorado, ambako kiwanda cha nyama kimewavuta Wasomali na watu wengine wa Afrika Mashariki kwa miaka mingi, na ambako ikifika Julai hakuna linalozungumzwa madukani kama rodeo. Kwa asiyeijua, rodeo ni mashindano yaliyotokana na kazi za wachunga ng'ombe: kumnasa ndama kwa kamba ukiwa juu ya farasi anayekimbia, kuzunguka mapipa matatu kwa kasi bila kuyaangusha, kulikamata dume kwa pembe na kulilaza chini, au kukaa sekunde 8 juu ya fahali asiyetaka kupandwa. Wyoming, jimbo la jirani, liliutangaza kuwa mchezo wake rasmi mwaka 2003. Mimi nilizaliwa Maswa, Tanzania, na nilichunga ng'ombe wa babu hadi nilipoingia sekondari, kwa hiyo ushupavu wa vijana hawa haukunishangaza sana, kwani wavulana wa Kisukuma wa rika lao hufanya mambo magumu kuliko hayo bila kushangiliwa na mtu. Kilichonishangaza ni idadi ya watu wazima walio nyuma ya kila kijana.

Jioni za katikati ya wiki, mfugaji mmoja wa hapa hufungua uwanja wake wenye taa na kuwaachia vijana wa mji wafanye mazoezi kwa ndama wake, bila kutoza senti. Nilimwona binti wa miaka 15 akirusha kamba tena na tena kwenye kichwa cha ndama cha plastiki kilichochomekwa katika robota la nyasi, huku baba yake, ambaye ni fundi wa matrekta, amesimama kando na kumkumbusha mambo mawili tu, kwamba kiwiko kiwe juu na macho yasitoke kwenye shingo ya ndama. Siku ya mashindano, kamba ya binti huyo hufungwa kwenye kichomozo cha tandiko kwa uzi mwembamba wenye kitambaa, ili ndama akishanaswa na kuivuta, uzi ukatike, kitambaa kiruke na mwamuzi asimamishe saa. Anayekagua fundo la uzi ule kabla binti hajaingia uwanjani ni mama yake. Zoezi lenyewe huisha kwa sekunde tatu au nne, nao wanakuwa wameendesha gari lenye trela ya farasi tangu alfajiri kwa ajili ya sekunde hizo.

Fedha nazo hutoka kwa wengi. Duka la vyakula vya mifugo, benki ya mji, daktari wa mifugo na hata kinyozi huchangia ada za kushiriki na zawadi, na majina yao hubandikwa kwenye uzio wa uwanja. Katika maonyesho ya kila mwaka ya kaunti, watoto wa 4-H, klabu za vijana zinazofundisha ufugaji na stadi nyingine, huleta nguruwe, kondoo na ng'ombe waliowalea wenyewe, nao hunadiwa hadharani. Wafanyabiashara hununua kwa bei inayopita ile ya soko, kila mtu akijua kwamba ziada ile ni ya kumsaidia mtoto.

Lakini jambo linalonigusa zaidi ni uhusiano wa mchezo huu na masomo. Chama cha kitaifa cha rodeo za shule za sekondari, kilichoanza mwaka 1949, humtaka mwanachama awe na alama za kuridhisha darasani na mwenendo mwema, na anayeshindwa hayo hapandi farasi. Mbele yake kuna rodeo za vyuo vikuu, ambazo fainali zake hufanyika Casper, Wyoming, kila Juni, na viko vyuo vinavyotoa ufadhili wa masomo kwa wapandaji hodari. Kwetu mambo yamekaa kinyume. Mvulana wa Maswa au Meatu huikosa shule kwa sababu ya ng'ombe, na akifaulu shuleni anatarajiwa kuwasahau ng'ombe hao. Ujuzi wake wa kumtambua ng'ombe mgonjwa kwa mwendo tu haumpi cheti, na mwalimu anayetaka kumkemea humwambia kwamba ataishia machungani.

Sisemi kwamba hatujui kuchangishana. Kamati ya harusi Dar es Salaam inaweza kukusanya mamilioni kwa majuma machache, na msiba haukosi rambirambi. Ila timu ya shule ikienda UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari, mwalimu wa michezo huhangaika peke yake kutafuta nauli na jezi, na mzazi anayesafiri kwenda kumtazama mwanawe akicheza huonekana hana kazi.

Rodeo ina kasoro zake, na baadhi ni nzito. Farasi mzuri wa mapipa anaweza kugharimu makumi ya maelfu ya dola, hivyo mtoto wa mfanyakazi wa kiwandani huishia kuwa mtazamaji. Watetezi wa wanyama wanalalamikia jinsi ndama wanavyokabwa, na sioni kwamba wanakosea katika kila jambo. Tena kuna hatari: Lane Frost, bingwa wa kupanda fahali, aliuawa na fahali uwanjani Cheyenne mwaka 1989 akiwa na miaka 25, na ni baada ya kifo chake ndipo fulana za kukinga kifua zilipoenea. Mimi mwanangu hapandi fahali, na nimemwambia hivyo bila kuzunguka. Kamba na mapipa, sawa.

Wazazi wenzangu wa hapa hushangaa hata kwa hilo. Wanasema tumevuka bahari ili watoto wasome, wasirudi kwa ng'ombe, tena kwa mchezo wa wazungu. Hilo la mwisho si kweli. Bill Pickett, mtu mweusi aliyezaliwa Texas mwaka 1870 kwa wazazi waliokuwa watumwa, ndiye anayetambuliwa kuwa mwanzilishi wa ule mtindo wa kulirukia dume kutoka juu ya farasi na kuliangusha, na mwaka 1982 Charlie Sampson alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa kupanda fahali.

Kwa nyumbani, sipendekezi tujenge viwanja vya rodeo. Viwanja tunavyo tayari, vya maonyesho ya wakulima ya Nane Nane, na cha Nyakabindi kipo Bariadi, katikati ya nchi ya wafugaji, ila watu huenda huko kutazama mabanda ya wizara na mashirika. Halmashauri zingeweza kutenga siku moja kwa wanafunzi wa sekondari waliomlea ndama au mbuzi kwa mwaka mzima, waeleze mbele ya watu walimlisha nini na walimchanja lini, kisha wanyama wanadiwe na fedha zilipe mahitaji yao ya shule. Wanunuzi hawatakosekana: wapo wenye bucha, wenye hoteli na wenye mabasi ya Mwanza, na sisi tulio ughaibuni tunaotumiwa kadi za michango ya harusi kila mwezi tunaweza kupandisha bei ya mbuzi mmoja au wawili kwa simu.