Mtazameni na mpiga zumari

Asante kwa habari yenu ya ziara ya Riverdance, onyesho la dansi ya Kiayalandi, ila kuliita "ngoma ya kale" kama mlivyoandika, hapana. Onyesho hili lilizaliwa Dublin mwaka 1994, dakika saba tu za kuburudisha watu kwenye Eurovision, shindano la nyimbo la Ulaya. Muziki wa mtunzi Bill Whelan, wachezaji wa mbele Jean Butler na Michael Flatley, wote wawili wazaliwa wa Marekani! Cha asili ni uchezaji wenyewe: kiwiliwili wima, mikono imebanwa ubavuni, huku viatu vigumu vikichapa sakafu.

Wenye tiketi, msikodolee macho miguu tu. Mpiga zumari wa Kiayalandi, zumari lenye mfuko wa hewa, hapulizi kwa mdomo. Ameketi, kiwiko kinabana mvukuto, upepo unajaa mfukoni, vidole vinafanya kazi. Wapiga picha humsahau, sijui kwa nini.