Giaboksi Wamebadilisha, Msimu Nani Atalipa?

Mwaka 1958 kampuni ya International Harvester ya Chicago ilitoa trekta jipya, Farmall 560. Injini yake ilikuwa ya silinda sita, nguvu zake zilikaribia farasi 60, na wakulima wa mahindi wa Illinois na Iowa walilipokea kwa mikono miwili kwa sababu jina la Farmall walikuwa wamelizoea tangu enzi za baba zao. Tatizo lilikuwa nyuma. Gia za mwisho, zile zinazopokea nguvu kutoka kwenye giaboksi na kuzipeleka kwenye magurudumu makubwa, kimsingi zilikuwa zilezile za Farmall M ya mwaka 1939, trekta ambalo nguvu zake hazikufika farasi 40. Lile 560 lilipofungiwa plau nzito na kulimishwa kutwa nzima, sehemu ya nyuma ikashindwa. Beringi na gia zikaanza kuharibika shamba baada ya shamba. Juni 1959 kampuni ikalazimika kuyaita matrekta hayo, 560 pamoja na ndugu zake 460 na 660, yafunguliwe na kutiwa vipuri vipya bila mteja kutoa senti.

Wanaosimulia kisa hiki huishia hapo, kisha wanaruka moja kwa moja hadi kwenye anguko la kampuni. Mimi nataka tubaki kwanza kwenye huo mwezi wa Juni. Kule Illinois, Juni ndio wakati mahindi yako magotini na trekta linapita katikati ya mistari kukata magugu. Dawa za kuua magugu hazikuwa zimeenea kama leo, kwa hiyo palizi ya trekta ndiyo iliyokuwa ikiamua mavuno. Nyasi za mifugo nazo zinakatwa wakati huohuo. Sasa fikiria trekta lako pekee limepasuliwa katikati kwenye gereji ya wakala, na magugu yanaota. Gia mpya ulipewa bure. Siku zilizopotea hakuna aliyekurudishia.

Hilo ndilo ninalotaka kulisema leo, kwa sababu linatuhusu sana sisi wa huku. Kiwanda kinapoita matrekta kwa kasoro ya giaboksi kinahesabu gharama ya chuma na ya fundi. Muda wa mwenye trekta hakiuhesabu. Na kwenye kilimo muda ndio mali yenyewe.

Kwa asiyewahi kuona kazi hii, naomba nieleze kidogo. Gari likiwa na kasoro ya breki au mkanda, unalipeleka asubuhi, jioni umerudi nalo. Trekta la kawaida halina chesisi kama ya lori. Injini, nyumba ya klachi, giaboksi na difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma) vimefungwa kwa boliti kimoja nyuma ya kingine, na mwili wenyewe ndio huo. Ukitaka kufika kwenye shafti ya giaboksi mara nyingi lazima ulitenganishe trekta vipande viwili. Unalikalisha kwenye stendi na jeki, unachomoa paipu za haidroliki, nyaya, usukani, tanki, halafu watu wanne wanasukuma nusu ya mbele taratibu ili shafti isipinde. Oili yote inamwagwa. Fundi makini hukusanya ile oili kwenye beseni, akapitisha sumaku ndani yake na kukuonyesha unga wa chuma ulionasa. Vikitoka vipande vinavyoshikika kwa vidole, ujue jino la gia limeshavunjika. Kisha kuna kusubiri spea, kuna gasketi na sili ambazo hazirudiwi, kuna shimu, vibati vyembamba vya kurekebishia nafasi ya beringi. Kama wakala yuko mkoa mwingine, kuna pia lobedi, tela la chini la kubebea mashine, maana trekta lenye giaboksi mbovu halitembei barabarani.

Huku Kiteto, mkoani Manyara, Tanzania, kazi kubwa ya kulima iko kati ya Novemba na Januari. Wenye matrekta wengi hawategemei shamba lao peke yake. Wanalimia watu kwa ekari, na hela hiyo ndiyo inayolipa dizeli, dereva na rejesho la benki. Mteja aliyekusubiri mvua ikamnyeshea hasubiri tena. Anaita trekta la jirani, na mwaka unaofuata anaanza na huyo jirani. Kwa hiyo giaboksi ikifa Desemba hasara yake haiishii Desemba.

Kuna mzee mmoja ninayemfahamu huku aliyenunua trekta jipya kwa mkopo. Kampuni sitaitaja. Msimu wa pili gia ya tatu ikaanza kuchomoka yenyewe likiwa kwenye mzigo. Unaiingiza, inakaa kidogo, inaruka. Alipopiga simu kwa wakala, jibu la kwanza lilikuwa, "Mzee wangu, dereva wako anakanyaga klachi vibaya." Yule dereva alikuwa ameendesha Massey Ferguson kwa miaka mingi bila kuharibu gia hata moja. Akaachishwa kazi hata hivyo, kwa sababu mwenye trekta atamwamini nani, kijana wa kijijini au mtaalamu mwenye ovaroli yenye nembo? Baadaye fundi wa kampuni akaja, akafungua, akabadilisha gia mbili na sinkronaiza, kile kinacholinganisha mwendo wa gia zinapoingia, akafunga. Hakuacha karatasi yoyote. Ndipo mzee akaja kusikia kwamba wenzake wengine wenye namba za trekta zilizokaribiana na yake nao walifunguliwa, wakabadilishiwa vilevile, wakaambiwa vilevile kuhusu madereva wao.

Hilo linanikera kuliko kasoro yenyewe. Chuma hukosewa. Mtu anayechonga gia anaweza kukosea kipimo, au kundi zima la beringi likatoka na ugumu usiotosha. Lakini ukishajua kwamba kosa liko kiwandani, halafu ukamwacha kijana wa watu afukuzwe kazi kwa kosa lako, hapo hatuzungumzii ufundi tena. Matengenezo ya kimyakimya yanailinda kampuni kwa kuwaumiza wanyonge waliopo karibu na mashine.

Tusidhani huu ni udhaifu wa Afrika peke yake. Marekani kwenyewe, sheria ya usalama wa magari ya mwaka 1966, ile inayowalazimisha watengenezaji kuita magari yenye kasoro, inahusu vyombo vilivyotengenezwa hasa kwa ajili ya barabara za umma. Trekta la shambani halimo. Kwa hiyo kasoro ya giaboksi mara nyingi hubaki kwenye hiari ya kampuni. Upo utaratibu unaojulikana huko ambapo wakala anapewa maelekezo ya ndani: trekta fulani, kuanzia namba hii hadi hii, litengenezwe likiharibika. Yaani asubiri life kwanza. Mkulima haambiwi. Anaendelea kulima juu ya kitu ambacho kiwanda kinajua kitakatika, akiomba Mungu, bila kujua anaombea nini.

Ndiyo maana nawapa haki yao International Harvester kwa kile walichofanya 1959. Waliita hadharani. Wengi husema tangazo lile ndilo lililoiua kampuni, na mimi sikubaliani nao. Jeraha lilikuwa limeshafanyika siku walipoamua kuuza injini mpya juu ya mgongo wa miaka ishirini. Washindani wao John Deere walikuwa Moline, mji ulioshikana na Rock Island kilipokuwa kiwanda cha Farmall, nao tangu 1953 walikuwa wakibuni matrekta mapya kabisa kwa siri. Tarehe 30 Agosti 1960 wakayaonyesha Dallas, aina ya 1010, 2010, 3010 na 4010, mbele ya maelfu ya mawakala. Kufikia 1963 Deere walikuwa wameipita Harvester na kuwa wakubwa zaidi duniani kwenye zana za kilimo. Baada ya hapo Harvester iliishi zaidi ya miaka ishirini, ikapitia mgomo wa siku 172 ulioanza mwishoni mwa 1979, ikalemewa na madeni, na mwaka 1985 sehemu yake ya kilimo ikaingia mikononi mwa kampuni ya Tenneco, waliokuwa wakimiliki watengenezaji wa matrekta J.I. Case. Ni sababu nyingi. Kulibebesha tangazo la kurejesha matrekta lawama zote hizo ni kuwafundisha watengenezaji wa leo kwamba kunyamaza kunalipa.

Jirani yangu mwenye duka la spea hubisha. Anasema kampuni ikitangaza kasoro huku kwetu, trekta hilo halitauzika tena hata kwa nusu bei, na mwenye kuumia ni mkulima aliyekwisha kulinunua. Ana hoja. Bei ya mtumba itashuka kweli. Lakini itashuka mpaka lini? Trekta lenye karatasi inayosema namba yake ilikuwa kwenye orodha na gia zikabadilishwa tarehe fulani ni trekta ninaloweza kulinunua nikalala usingizi. Lile ambalo halina karatasi, katika kundi ambalo uvumi umeshalizunguka, ndilo silishiki.

Na mtumba ndio uko kila mahali huku. Matrekta mengi yanayolima kwetu yalianza maisha Uingereza au kwingineko, na barua ya kiwanda, kama iliwahi kuandikwa, ilikwenda kwa mnunuzi wa kwanza. Ilipokelewa na mtu ambaye ameshaliuza zamani. Mwenye trekta wa tatu au wa nne, aliye Babati au Narok, hayuko kwenye daftari la mtu yeyote. Namba iliyogongwa kwenye kibati cha trekta ndiyo inayopaswa kufuatwa popote trekta lilipo, risiti ya kwanza iwepo isiwepo.

Sheria hatujakosa. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora unaokubalika, haki ya kupata taarifa, na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro ya bidhaa. Tanzania tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayosimamiwa na FCC, yaani Tume ya Ushindani, na ndani yake suala la usalama wa bidhaa na kuziondoa sokoni limeshughulikiwa. Ila haki za namna hii zinatumika mtu akizidai kwa hesabu, na hesabu ya hasara ya msimu mwenye trekta anaweza kuiandika vizuri kuliko wakili yeyote. Ekari ulizolima msimu uliopita, bei ya ekari, siku trekta lilizosimama, dizeli uliyokwisha nunua, rejesho ulilolipa trekta likiwa juu ya stendi.

Ninachowadai mawakala ni hiki. Mkigundua kasoro ya giaboksi, tangazeni namba zinazohusika redioni na kwa Kiswahili, mkitaja dalili ambazo dereva atazisikia: mlio wa gia kwenye mzigo, gia kuruka, kasha la difu kuchemka kupita kiasi. Matengenezo yafanyike kiangazi, kabla ya mvua. Ikishindikana, mleteeni mwenye trekta trekta lingine la kufanyia kazi, au mmlipe ekari zake. Fundi aende shambani na vifaa vyake badala ya mkulima kutafuta lobedi. Kazi ikiisha, karatasi iachwe yenye namba ya trekta, masaa yaliyosomwa kwenye mita na sehemu zilizobadilishwa. Na benki iliyokopesha ipewe nakala ili isogeze tarehe ya rejesho. Kama dereva alilaumiwa kabla ya hapo, aandikiwe naye barua ya kumsafisha.

Nanyi wenye matrekta, msisubiri. Kipigeni picha kile kibati cha namba leo, pamoja na mita ya masaa. Tafutaneni wenye aina moja, hata kwa kundi la WhatsApp la wilaya, mlinganishe namba na magonjwa. Mkikuta watatu mmevunja gia ileile, nendeni kwa wakala pamoja, mkiwa na picha na gia zenyewe zilizovunjika. Msiache fundi aondoke na gia ya zamani. Ni yenu, na ndiyo ushahidi wenu.