Chanzo: Simu ya CR

Idara ilituagiza kila mkufunzi akubaliane na darasa lake kanuni za kutumia akili mnemba. Marufuku ilishashindikana, tangu ChatGPT itoke Novemba 2022 sijasikia chuo kilichoweza kuizuia, labda kile ambacho mtandao haufiki. Basi mimi na darasa langu la Kiswahili tukakaa, tukabishana hadi kengele ya chai, tukatoka na kanuni moja: ruksa kutumia, ila mwisho wa kazi uandike chanzo. Kanuni fupi, haina pa kupenyea. Nikaichapa, nikaibandika ukutani.

Zoezi la kwanza: eleza kijiji chako, kurasa mbili, kwa mkono.

Karatasi ya juu ilikuwa ya kijana wa Makete. "Kijiji chetu kimezungukwa na minazi inayopepea kwa upepo mwanana." Makete! Huko Julai unaamka unakuta majani meupe kwa jalidi, na kinachostawi ni viazi mviringo na makoti. Nikageuza nyuma nione chanzo. Kimeandikwa kwa herufi kubwa, kimepigiwa mstari: SIMU YA CR. CR ndiye kiongozi wa darasa.

Nikachukua ya binti wa Kongwa. Minazi. Chanzo: simu ya CR. Inayofuata, minazi tena, simu ya CR, "na bando ni la kwake". Mmoja, mwaminifu kupita kiasi, akaongeza: "Sh 200, risiti sijapewa."

CR nikamwita. Akaja na simu yenyewe, kioo kimepasuka, chaji imebaki asilimia nne.

"Mkufunzi, kanuni tumeifuata," akasema. Na kweli wameifuata, hilo ndilo lililoniudhi. "Wiki hii mwenye bando nilikuwa peke yangu. Nikauliza mara moja kwa niaba ya wote: kijiji cha Tanzania kikoje?"

"Na minazi?"

"Hiyo imekuja nayo yenyewe."

Karatasi isiyo na minazi ilikuwa moja, ya kijana mwenye kitochi. Chanzo: "Bibi, nilimpigia." Ameeleza bibi anavyofukuza mbuzi kwa kandambili moja huku nyingine ikibaki mguuni, maana mbuzi akishakula mboga hangoji mtu avue zote mbili. Nilicheka peke yangu ofisini, nikampa alama za juu.

Mkuu wa idara hakuridhika. Akataka kazi zipitishwe kwenye programu ya kunasa maandishi ya akili mnemba. Nikamwambia OpenAI wenyewe, waliotengeneza ChatGPT, waliiondoa ya kwao Julai 2023 kwa sababu ilikuwa inakosea mno. Wapi! Tukachapa karatasi chache kwenye kompyuta ya idara, tukangoja mtandao uamke. Minazi ya Makete ikapita salama: mwandishi ni binadamu. Bibi na kandambili yake wakarudi na rangi nyekundu, asilimia 91 ni mashine.

Kijana wa kitochi akaitwa. Mkuu akamsimamisha mbele ya kompyuta, akamwonyesha ile nyekundu kwa kidole, akamuuliza kwa sauti ya hakimu ana lipi la kujitetea. Kijana akainama, akasoma, akarudia kusoma. Uso ukachanua.

"Tisini na moja, Mkuu? Mimi tangu darasa la kwanza sijawahi kuvuka sitini!"

Akamshika Mkuu mkono kwa mikono yake yote miwili, akashukuru sana, akatoka mbio kwenda kumpigia bibi.