Ndiyo, Mfuniko ni mimi

Najua ile voisi noti ya jamaa yangu, anayohadithia yaliyonikuta dukani Kariakoo, mshaisikia, hata shemeji yangu wa Tanga kanipigia asubuhi anacheka tu, haongei. Sasa nisikilizeni mimi mwenyewe, maana jamaa katia chumvi, eti nililia dukani. Sikulia. Jasho liliingia machoni.

Kisa ni PS2 slim, ile mashine ya gemu, modeli 77000, nimeinunua mtumba haina chipu. Kwa watoto wa juzi: bila chipu hiyo mashine inataka CD orijino tu, kuna alama pale kwenye CD ambayo kompyuta yako haiwezi kuichoma, kwa hiyo hizi zetu za kuchoma ukiziweka unaletewa kioo chekundu. Orijino mtaani kwetu utaitoa wapi, na mashine yenyewe imeacha kutengenezwa tangu 2013? (Nyie mnaokuja inbox na habari za memori kadi, kwamba unacheza gemu toka kwenye flashi bila kufungua hata skrubu, asanteni sana, mlikuwa wapi Ijumaa?)

Nikasema fundi wa nini, redio ya bibi si nilitengeneza mimi? Nikachukua Modbo, ndo chipu yenyewe, pasi ya risasi, na waya nyembamba kama nywele, maana unachomea waya 20 na kitu kwenye vimiguu ambavyo ukipiga chafya tu umepotea. Nikakesha. Saa tisa usiku nawasha, menyu hii hapa, CD haionekani. Nacheki CD yenyewe, imelala, haizunguki hata kidogo. Nikang'oa waya zote nikachomea upya. Imelala. Nikafuta lenzi kwa spiriti. Imelala vilevile. Jumapili jioni nikatoa hukumu: nimeuziwa chipu feki.

Jumatatu nikaibeba mashine kwenye rambo hadi Kariakoo, na jamaa nikamchukua awe shahidi. Hilo ndo kosa kubwa kuliko yote.

Nikaingia kwa sauti. Nilisema "wizi", nilisema "hamjui nyie watu wa kazi tunavyoteseka". Wateja wakageuka. Mzee wa dukani, miwani juu ya paji, akaniacha nimalize, kisha akaichukua mashine taratibu, akaigeuza, akazipitia risasi zangu moja moja. Kimya.

"Kijana wangu, kazi si mbaya. Kioo kilikuwa chekundu?"

"Hapana mzee wangu."

"Chipu ikigoma kinakuja chekundu, kwa sababu CD imesomwa ikakataliwa. Yako ilizunguka?"

"Haikuzunguka."

Akaitazama tena. Akanitazama mimi. Akatazama ndani ya rambo.

"Mfuniko uko wapi?"

Na mimi, kifua mbele, mbele ya watu kama kumi na mbili, nikajibu: "Mfuniko nimeacha nyumbani."

Hapo nilimsikia jamaa nyuma yangu anavuta pumzi. Mzee hakusema neno. Akavunja njiti ya kiberiti, akabana vile viswichi vya pembeni ambavyo mfuniko ukifungwa ndo unavibonyeza, ili mashine ijue imefungwa. Akaweka CD, akawasha. Vuuuuu. Siku tatu nausubiri huo mlio, na siku umekuja nikatamani umeme ukatike. Ikazunguka, gemu likaja, wanaume wanakimbiza mpira kwenye kitivii cha duka kama vile hakuna kilichotokea, na mtoto mmoja aliyetumwa kununua chaja akauliza kwa sauti, "Kwa hiyo anko alikuwa anacheza ikiwa wazi?"

Siku tatu wadau. Waya 20 na kitu, mara mbili. Kidole hiki kina lengelenge hadi sasa.

Basi nikaomba radhi, nikanunua pedi mbili za kuchezea gemu ambazo sikuzihitaji, tukapanda daladala, kufika Mbagala voisi noti ilishatutangulia. Mashine inacheza vizuri, kwa mnaouliza. Usiku madogo walijaa sebuleni hadi saa nne na hakuna hata mmoja aliyeniita jina langu.

Na dada yangu, nimekaa zangu hapa naandika, kanitumia picha toka jikoni, sufuria la wali liko wazi jikoni, chini kaandika: "Kaka njoo uangalie, hauivi, nahisi chipu feki."