Linki ni ya Malindi kwanza, Birmingham baadaye

Sisi wa redio za ridhaa hapa Malindi, yaani wenye leseni ya kuwa na redio zetu wenyewe za kuongea hewani, hili lanikereketa tangu wiki jana na nisipolitoa nitaenda kugombana na mtu bure. Mwenzetu mmoja alikuwa anarudi usiku kutoka Mambrui, gari likamfia karibu na daraja la Sabaki, simu imezima chaji, lakini redio ya mkono anayo na betri imejaa. Akaita. Akaita tena. Mwisho aliokolewa na kijana wa bodaboda aliyekuwa anapita, redio haikumfaa lolote, na pale Sabaki si pahali pa kusimama usiku ukihesabu nyota, viboko wapo.

Kwa nini hakusikika? Kwa sababu linki yetu, ile redio iliyofungwa kwenye kompyuta ipeleke sauti zetu mbali kwa intaneti kupitia EchoLink na kuturushia za huko, ilikuwa imeunganishwa na konferensi moja ya Uingereza, yaani chumba cha mazungumzo cha linki nyingi, mabwana wawili wanajadili antena za bustanini kwao na mvua, na hiyo mvua yao inarushwa hewani Malindi mzima. Linki ni ya simpleksi, masafa ni hayo hayo moja, ikiwa inarusha haisikii, haina sikio. Na sisi tulioko mjini pia tungemsikiaje? FM ndivyo ilivyo, mwenye nguvu anammeza mnyonge, huyu yuko Sabaki na wati zake tano na linki iko juu ya ghorofa hapa karibu, wewe utamsikia nani?

Ati "si angengoja wamalize". Wamalize saa ngapi? Wale hawaachi nafasi! Mmoja akiachia kitufe mwingine ameshabonyeza, na ukiongeza ule ucheleweshaji wa intaneti, sauti ya wa pili inafika kabla linki yetu haijapumua. Miongozo ya linki na repita (mitambo inayopokea sauti na kuirusha tena mbali zaidi) inasema jambo moja: mwenzako akimaliza, hesabu sekunde mbili tatu ndipo ubonyeze, halafu ukishabonyeza ngoja kidogo ndipo useme ili linki zote njiani zifunguke. Watu wanadhani ni adabu za wazee wa leseni za zamani. Sio adabu, ile nafasi ndio mlango pekee wa mtu mwenye shida. Ukiubana, umefunga nyumba na watu wako nje.

Lakini Waingereza siwalaumu sana, wao wako kwao wanaongea mambo yao. Nawalaumu wanaounganisha linki asubuhi wakaenda zao sokoni. Linki inabaki imeshikana na konferensi mpaka jioni, hakuna mtu wa Malindi anayeongea, tunamwagiwa maneno tu. Matokeo yake nini? Watu wanapunguza sauti, halafu wanazima kabisa. Mama watoto ndani ameshasema zimeni hilo lidubwana, na kusema kweli ana haki. Hapo ndipo mimi nauona ubaya wenyewe, kwamba siku hizi hata linki ikiwa kimya, hata masafa yakiwa meupe, ukiita hakuna anayejibu kwa sababu masikio yameshafunzwa kwamba kinachotoka pale hakiwahusu. Mnajisifu mna watu kumi na tano wenye leseni mjini, sawa, wanaosikiliza ni wangapi?

Mlisahau Mei 2024? Kebo za EASSy na SEACOM zilikatika baharini, intaneti Kenya na Tanzania ikawa ya kubembeleza, EchoLink ikawa maneno nusu nusu kama haikukatika kabisa. Redio zetu hazikudhurika hata kidogo, VHF, masafa tunayoongelea, haiulizi bando, wati tano ni zile zile. Ule ndio ulikuwa wakati wa kusikia mji mzima hewani tukiulizana habari. Kimya. Nilimpata ami mmoja wa Watamu peke yake, na yeye alikuwa amewasha redio kujaribu betri.

Wale wa "EchoLink sio redio, ni WhatsApp ya wazee", nanyi pumzikeni. EchoLink inataka uthibitisho wa leseni kabla ya kukufungulia, na mtu wa Lamu hebu mwambie asimamishe mlingoti wa mita kumi juu ya paa kule Mkomani tuone majirani watakavyompokea. Kwa mtu kama huyo simu na linki ndizo njia yake ya kutoka, nakubali, hata kama nakubali kwa shingo upande. Binafsi naipenda zaidi ile akili ya IRLP, mtandao mwingine wa kuunganisha redio kwa intaneti, aliyoianzisha David Cameron kule Kanada 1997, kwamba mtu aingie kwa redio na atokee kwa redio, kompyuta ibaki katikati. EchoLink ya Jonathan Taylor ilikuja 2002 ikafungua mlango kwa wenye kompyuta, na baadaye simu, na ndiyo imetuletea hawa wanaobonyeza kitufe wakiwa kitandani bila kujua upande wa pili kuna redio ya mtu inachemka.

Dawa yake wala si ngumu. EchoLink ina mpangilio wa kukata yenyewe ikipita muda bila mtu kuongea, mwenye linki auwashe, ni dakika moja tu. Na anayetaka konferensi aingize namba ya nodi (namba ya kuiita hiyo konferensi) kwenye redio yake, aongee ashibe, kisha abonyeze alama ya reli (#) ikate. Reli moja! Hapo Ngomeni Waitaliano waliirusha satelaiti ya Uhuru kutoka jukwaa la San Marco mwaka 1970, baharini, tunajivunia mpaka leo, na sisi wa pwani hiyo hiyo tunashindwa kubonyeza reli moja.

Linki ni baraza la mtaa, mgeni karibu akae anywe kahawa, lakini asilale hapo wenye mtaa wakasimama juani.

Jamaa mmoja ameniambia eti nataka kuwafukuza marafiki wa nje. Hata. Jumamosi usiku unganisheni mpaka alfajiri, mimi mwenyewe nitakuwepo, kuna mzee mmoja wa Wales hunichekesha mpaka machozi na Kiswahili chake cha kambi ya jeshi. Ila Jumatatu hadi Ijumaa jioni, watu wanaporudi mashambani na barabarani, iwe imekatwa. Mwenye linki nimeshamwambia ana kwa ana, akasema atafikiria. Sawa afikirie, lakini akifikiria mpaka mwezi ujao mimi nina redio ya zamani na Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya kiganjani, zinakaa bure, nitapandisha yangu kwenye masafa mengine na haitaunganishwa na mtu yeyote.