Uga wa Sumaku na Mawimbi ya Setilaiti Magharibi mwa Kenya: Upuuzwe au Uhesabiwe?

Kiwanja cha futi hamsini kwa mia, kama kinavyouzwa Kisumu na Nakuru, kina upana wa mita 15 na ushei. Mwendo wa saa nane mchana, katika miaka ambayo jua limechangamka, wimbi la GPS linaweza kucheleweshwa angani hata umbali unaosomwa kutoka kwenye setilaiti ukazidi umbali halisi kwa mita 16 au zaidi, kabla ya kusahihishwa. Simu ya kawaida hupokea fomula ya masahihisho kutoka kwenye setilaiti zenyewe, lakini fomula hiyo huondoa takriban nusu tu ya kosa. Anayetafuta bikoni, alama ya mpaka wa kiwanja, iliyofunikwa na nyasi kwa simu peke yake anaweza kuchimba kwa jirani.

Chanzo ni ionosfia, tabaka la plazima ambamo miale ya jua imezibandua elektroni kutoka kwenye atomi; elektroni hizo ndizo zinazolichelewesha wimbi. Plazima hiyo imo ndani ya uga wa sumaku wa dunia, na hapo ndipo mabishano yanapoanza: je, anayefanya hesabu za mawimbi ya setilaiti katika eneo letu ana haja ya kuuingiza uga huo, au azihesabu elektroni tu aendelee na kazi?

Wanaotaka upuuzwe wana hoja nzito. Elektroni iliyo ndani ya uga wa sumaku huzunguka, na kwa nguvu ya uga iliyopo juu ya Kenya huzunguka karibu mara laki nane kwa sekunde, yaani megahezi 0.8. Wimbi kuu la GPS ni la megahezi 1575.42, karibu mara elfu mbili ya hapo, kwa hiyo uga hauna nafasi ya kulisumbua. Palipo na kosa la mita 16 kutokana na elektroni, sehemu inayotokana na sumaku moja kwa moja haifiki sentimita 2. Kwa mpima ardhi wa Vihiga, sentimita hizo humezwa na upana wa ua wa michongoma.

Upande wa pili hutoa mfano wa redio za masafa mafupi, na kwa redio hizo hauna mpinzani. Kwenye megahezi 5, ile megahezi 0.8 si kitu cha kudharauliwa. Wimbi huingia ionosfia likiwa moja, likagawanyika kuwa mawili yanayozunguka kinyume, kila moja na mwendo wake na kimo chake cha kurudishwa chini. Moja huweza kurudi hata kwenye masafa yaliyozidi ya mwenzake kwa takriban megahezi 0.4. Edward Appleton, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1947 kwa utafiti wa tabaka hizo, alikuwa miongoni mwa walioiweka wazi hesabu yake. Ila mfano huo haujibu swali la setilaiti.

Kwa maoni yangu, wa kwanza wako sahihi kuhusu wimbi, na wamekosea kuhusu mahali. Uga wa sumaku hauligusi sana wimbi la GPS, lakini ndio unaoifinyanga plazima ambamo wimbi hilo hupita. Ikweta ya sumaku haipiti Maseno pamoja na ile ya jiografia. Iko kaskazini, nchini Ethiopia. Huko mistari ya uga imelala sawa na ardhi, na uwanja wa umeme wa mchana huinua plazima juu, kisha plazima huteremka ikifuata mistari hiyo kusini na kaskazini na kurundikana kwenye takriban digrii 15 kila upande. Kisumu iko karibu digrii 10 kusini mwa ikweta hiyo ya sumaku, kwenye mteremko wa rundo hilo, ambapo idadi ya elektroni hubadilika upesi kutoka kilomita hadi kilomita. Jua likishatua, tabaka la chini hunyanyuliwa kwa nguvu na mapovu yenye plazima haba huchipuka, yakaenea kwa kuandama mistari ileile ya uga hadi juu yetu. Kati ya saa moja jioni na saa sita usiku, hasa Machi, Aprili, Septemba na Oktoba, mapovu hayo huzifanya ishara za setilaiti kumemeteka hata kipokezi kikazipoteza.

Tofauti hii ina gharama. Kipokezi cha masafa mawili, kinachosikiliza mawimbi mawili tofauti ya kila setilaiti na kuyalinganisha, huondoa karibu ucheleweshaji wote, lakini hakiwezi kupima ishara iliyokatika. Kituo cha marejeleo, yaani kipokezi kilichosimikwa mahali panapojulikana kwa uhakika, husaidia kikiwa karibu, kwa sababu huona plazima ileile. Cha mbali, kwenye mteremko kama wetu, huona nyingine. Wavuvi wa omena wa Dunga, ufukwe wa Kisumu, wanaofanya kazi saa hizohizo za usiku, hawadhuriki na mita kadhaa. Ndege inayoshuka Kisumu jioni ni jambo jingine: mifumo ya kusahihisha GPS kwa ajili ya ndege, kama ule wa Marekani ulioanza kutumika mwaka 2003, ilijengwa kwa ionosfia tulivu ya latitudo za kati, na kuunakili hapa bila vituo vilivyosongamana zaidi na vipimo vya usiku ni kununua hesabu ya anga isiyo yetu.