Punguzo la Taslimu Lisilo na Risiti
Sisi tunaosafiri kikazi kutoka Dodoma tumechoshwa na hoteli za ng'ambo ambazo, mgeni anapofika tu mapokezi, humnong'oneza kwamba akilipa taslimu atapunguziwa bei. Punguzo hilo linamfaidi nani hasa? Kwa kuwa shilingi yetu haipokelewi Istanbul wala Bangkok, huna budi kutafuta fedha za kigeni; ukinunua dola kabla ya kuondoka, hapo tayari umepoteza kiasi kwenye tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza. Ukiamua kutoa fedha kwenye mashine huko huko, benki yako hukata ada yake na mara nyingi mwenye mashine naye hukata ya kwake. Kisha mhudumu huigeuzageuza noti, na akiona alama ya wino huirudisha, kana kwamba wewe ndiye uliyeichapisha. Kinachoudhi zaidi ni risiti, ambayo ama haipo kabisa ama ni kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa mkono, ilhali mhasibu aliyeko Mtumba, kwenye mji wa Serikali hapa Dodoma, hawezi kupokea marejesho ya masurufu, yaani fedha za safari tulizopewa na ofisi, bila stakabadhi inayoeleweka. Hoteli inayotaka kweli kunipunguzia bei na ipunguze hata ninapolipa kwa kadi.